Mangina Kwanza, Kitufe Baadaye

Kosa langu kubwa la kwanza kazini halikuchukua hata sekunde moja: nilizima seva ya ushirika wakati kituo chetu cha Mangina kilikuwa bado kinatuma vipimo vya mashamba yake. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini. Nilipoiwasha tena, wiki mbili za mtu mmoja aliyezunguka kakao kwa miguu, kwenye matope, hazikuwepo popote.

Wadogo zangu, nina miaka ishirini na tisa, na najua mtacheka kusikia kwamba nimestaafu. Mama Kavira, anayekaa mapokezi ya ofisi yetu ya Butembo, alicheka kabla yenu. "Paluku, mutu anastaafu na mvi," aliniambia. "Weye uko na chunusi." Lakini kazi ya kulinda seva nimeiacha kweli. Nimekabidhi maneno ya siri, nimerudisha kompyuta, na ninyi mnaoanza Beni na Butembo mmeniomba niandike ninayoyajua. Nitaandika kama ninavyoyakumbuka, bila kufuata kalenda.

Seva yenyewe ni mashine pepe. Maana yake ni kipande cha kompyuta kubwa iliyo kwenye jengo fulani nchi ya mbali, na ushirika unakikodi kipande hicho. Hakuna kati yetu aliyewahi kukiona. Papa Mbusa, gérant wetu, yaani meneja, aliniuliza mara tatu seva inakaa wapi, na kila nilipomjibu alitazama chini ya meza yangu. Kwa kuwa ni kipande tu, unaweza kukiongeza au kukipunguza. Unafungua dashibodi, unachagua ukubwa unaoutaka, unabonyeza. Video niliyojifunzia ilikuwa ya dakika sita. Haikusema lolote kuhusu Mangina.

Ushirika wetu unanunua kakao Mangina, Mutwanga na Kalunguta. Wanunuzi wa ng'ambo wanataka mipaka ya kila shamba ili wajue kwamba kakao haikutoka kwenye msitu uliokatwa. Shamba lisilo kwenye ramani, magunia yake hayapandi lori. Kwa hiyo kila kituo kina mpimaji anayezunguka mashamba na simu mkononi, na simu inatuma kila kona kwenye seva. Mkulima haijui seva. Anachojua ni kwamba kijana wa ushirika alipita, akasimama kwenye kila kona ya shamba lake, akasema imekwisha.

Sasa kosa lenyewe. Siku ile seva ilikuwa nzito na nilitaka kuiongeza. Nilijua ni lazima izimwe kwanza, na nilijua Kambale wa Mangina alikuwa anatuma. Nikaandika kwenye kundi letu la simu: "Kambale alimaliza kutuma?" Jibu likaja upesi: "Oui, alisha maliza." Nikabonyeza.

Kwetu mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, kama mimi wa kwanza nilivyo Paluku. Kwenye kundi lile walikuwamo Kambale watatu. Aliyemaliza alikuwa Kambale wa Mutwanga. Mgeni kutoka Kinshasa angeuliza "Kambale yupi?" kwa sababu majina yetu yanamchanganya. Mimi nilizaliwa humu, nimeishi na Kambale maisha yangu yote, na kichwani mwangu siku ile alikuwepo mmoja tu, yule niliyekuwa namfikiria. Sikuuliza.

Hilo peke yake lingekuwa dogo kama programu niliyoiandika ingekuwa nzuri. Haikuwa nzuri. Niliitengeneza mwenyewe, nikijifunza usiku kwa usiku, na niliiambia seva ijibu "nimepokea" kabla haijaandika chochote kwenye diski. Simu nayo, ikisikia "nimepokea", ilikuwa inafuta shamba ili kupata nafasi. Na sikuizima seva kwa amri ya ndani, ile inayoipa nafasi ya kumaliza ilichoshika. Niliizima kwa kitufe cha dashibodi, ambacho ni sawa na kung'oa waya ukutani. Mashamba ya Mangina yalikuwa yametoka kwenye simu na hayajafika kwenye diski. Yalikuwa hewani, na mimi niliifunga hewa.

Kambale wa Mangina alikuja Butembo siku ya tatu, buti zake zikiwa bado na udongo mwekundu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Paluku, njo weye?"

"Ni mimi, grand," nilimjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

"Nilizania uko mutu mukubwa." Akaketi. "Kuko mama moja kule chini ya muto. Shamba yake iko na kona kumi na saba. Nilisimama kwa kila kona, mvua inanipiga. Sasa unaniambia nirudilie."

"Unisamehe, grand."

"Kusamehe sikatai. Mais weye ulibonyeza, miye njo nitatembea."

Alirudi akatembea upya. Mimi nilikwenda nyuma ya ofisi nikalia, kisha nikarudi nikapanga upya waya za kompyuta yangu kwa rangi. Ndivyo nilivyo. Nikivunja kitu, napanga kingine.

Programu niliirekebisha wiki ileile: seva iandike kwanza, ndipo ijibu. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kuliandika. Baada ya siku ile niliogopa kile kitufe. Kwa miezi minne seva ilihitaji kuongezwa na sikuiongeza. Wakuu wa vituo walipolalamika kwamba inachelewa, nilisema, "Ni réseau," yaani mtandao wa simu. Kwetu hakuna uongo unaoaminika upesi kama huo. Kila mtu alitikisa kichwa, akaitukana kampuni ya simu, akaenda zake. Niliipata amani yangu kwa kuwasingizia watu wa minara.

Aliyenikamata ni Mama Kavira.

"Réseau ya leo iko muzuri," alisema asubuhi moja, akiweka chai mezani kwangu. "Nimeongea na mutoto wangu wa Kampala, nikaona mpaka meno yake. Donc unadanganya."

Nilimwambia yote. Hakushangaa. Kabla ya simu za mkononi, Mama Kavira alikuwa mtu wa phonie, redio ya masafa marefu, kwenye nyumba moja ya biashara hapa Butembo. Miaka ishirini aliita malori, maghala na misheni za ndani kwa sauti ileile anayoitumia leo kumwambia mgeni asubiri.

"Wapi ulikosa?" aliniuliza.

"Niliuliza kama Kambale alimaliza."

"Njo pale. Kwa phonie hatukuita mutu. Mutu anaweza kuwa kwa choo, anaweza kuwa na jina ya mwenzake. Tuliita kituo. Mangina, Mangina, uko? Kituo kinajibu ao hakijibu. Na hauzimi phonie mpaka kila kituo kimesema bien reçu, nimepata, na mudomo yake."

"Na kama hakijibu?"

"Unaomba jirani akitafute. Hauzimi."

"Na kama hakijibu siku nzima?"

"Basi unakaa siku nzima, mutoto wangu. Chai iko."

Nimesoma kurasa nyingi juu ya seva, nyingine nikazichapisha na kuzifunga kwa uzi. Sikuwahi kupata funzo linalolingana na hilo.

Kuanzia hapo nilianza mazoezi. Nilikodi mashine pepe ndogo kuliko zote, isiyo na kitu ndani, nikawa naizima, naiongeza, naiwasha, naipunguza. Niliifanya mara ishirini na sita. Najua ni ishirini na sita kwa sababu niliziandika, na ya kumi na moja niliirudia kwa kuwa mwandiko wake haukunipendeza. Lakini mazoezi yale yalinifundisha mambo, na haya ndiyo nataka mshike.

Dashibodi itawauliza kama mnaongeza memori na prosesa peke yake, au na diski pia. Memori unaweza kuiongeza leo na kuipunguza mwezi ujao. Diski ikikua hairudi nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, ingia ndani ya mashine utazame ni kipi kimejaa. Mara nyingi watu huongeza diski kwa sababu neno lile linawapa faraja, kumbe kilichowabana ni memori. Na hata ukiongeza diski, mashine yenyewe ndani haitajua mpaka uiambie. Utaiona kubwa kwenye dashibodi na ndogo ndani, na utadhani umeibiwa.

Chukua nakala ya mashine nzima kabla ya kubadilisha, baada ya kuizima kutoka ndani. Kisha hakikisha kwamba programu yako inajiwasha yenyewe mashine inapoamka. Yangu nilikuwa nimeiwasha kwa mkono nilipoitengeneza na nikasahau. Siku ya kosa la Mangina, seva iliamka ikiwa kubwa na nzuri, imekaa kimya kama nyumba mpya isiyo na mtu, na nilikaa saa nzima nikitafuta ugonjwa ambao haukuwepo.

Sasa niwape siku yenyewe, ile ninayoitembelea kichwani kila ninapojidharau.

Ilikuwa Ijumaa, msimu wa kakao, na seva yenyewe nilikuwa bado sijaigusa. Malori yalikuwa yamepakiwa Beni yakingoja kwenda mpakani Kasindi, na mnunuzi alitaka faili moja lenye mashamba yote kabla ya saa sita mchana. Bila faili, hakuna kupita. Na shamba ambalo halimo ndani ya faili, magunia yake yangeshushwa. Asubuhi nikaiamuru seva ilitengeneze. Ikafika tisini kwa mia, ikafa. Nikajaribu tena. Tisini na mbili, ikafa. Memori ilikuwa imejaa.

Papa Mbusa aliingia, koti begani. "Ni réseau?"

Nilikuwa na neno lile tayari mdomoni. Lingetosha. Angeitukana kampuni ya simu na kuondoka, na malori yangebaki pale.

"Hapana, Papa. Si réseau. Miezi yote hii haikuwa réseau. Seva ni ndogo, na niliogopa kuiongeza."

Alishusha koti begani. "Hiyo tutaiongea kesho," alisema. "Leo inaomba nini?"

"Kuzimwa. Dakika ishirini."

"Basi zima."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini. Nilichukua simu, Mama Kavira akavuta kiti akaketi kando yangu bila kuitwa. Nikaanza na Kalunguta.

"Kalunguta, uko? Ninataka kuzima seva."

"Kalunguta niko. Sina kitu ya kutuma. Bien reçu."

"Mutwanga, uko?"

"Mutwanga niko. Nilituma yote jana. Zima tu, mon petit."

"Mangina, uko?"

Simu ya Mangina ilikuwa haipatikani. Nikarudia. Haipatikani. Upande ule wenye waasi, kituo kikinyamaza, kila mtu chumbani anajua anachokifikiria mwenzake, na hakuna anayekisema.

"Mangina alituma jana," alisema Papa Mbusa.

Nikafungua orodha ya mashamba yaliyokuwa yakingojwa. "Yamebaki mashamba arobaini na moja."

"Arobaini na moja juu ya ngapi? Paluku, nitakosa malori yote kwa sababu ya arobaini na moja? Bonyeza."

Nilimweleza. Mangina, kwenye siku za réseau mbovu, Kambale hupanda pikipiki hadi kwenye kilima kutafuta mistari miwili ya mnara. Akifika juu akakuta seva imezimwa, atadhani ameshindwa, atashuka, na hatapanda tena kabla ya saa sita. Watu arobaini na mmoja watashushiwa magunia yao kwa sababu ya dakika ishirini zangu. Akijua, atangoja. Asipojua, ameondoka.

"Bonyeza," alisema tena, polepole.

"Hapana, Papa."

Sikuwahi kumwambia mkubwa hapana maishani mwangu. Nililelewa kwenye nyumba ya shemasi. Neno lile lilinitoka likiwa dogo, lakini lilitoka.

Mama Kavira alikuwa tayari na kijitabu chake cha namba. "Iko katekista moja kule, alikuwa mutu wa phonie na miye. Anatumia kampuni ingine ya simu." Akapiga. Walisalimiana kwa Kinande kwa muda ambao ulinitoa jasho, habari za wajukuu, habari za mguu wake. Kisha akageuka. "Kambale iko hai. Alipita pale na pikipiki, anaenda kilimani. Katekista anatuma mutu na pikipiki amufuate."

Papa Mbusa aliketi. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akiketi kwenye chumba changu. Tulingoja. Saa nne na nusu. Saa tano kasoro robo. Nilipanga kalamu zangu kwa urefu, Mama Kavira akazivuruga kwa kidole.

Saa tano kasoro dakika kumi simu ililia.

"Ni nani anataka kuzima?"

"Mimi, grand. Paluku."

"Ah. Tena weye." Mama Kavira alicheka hadi akashika meza. "Usiguse kitu. Niko juu, réseau iko na mistari mbili. Natuma sasa hivi."

Mashamba yakaanza kuingia kwenye kioo, moja moja. Papa Mbusa alikuwa anahesabu kwa midomo, kama mtu anayesali rozari, naye ni Mprotestanti. Yalipofika thelathini yakasimama, nami nikasimama pia. Kisha yakaendelea. La arobaini na moja liliingia saa tano na dakika nane.

"Mangina, umemaliza?"

"Mangina imemaliza. Angalia kwanza yote iko kwa diski."

Nikaangalia. Yote yalikuwa kwenye diski. "Bien reçu, Mangina."

"Bien reçu. Zima sasa. Mais pole pole."

Nilizima kutoka ndani. Nilichukua nakala. Nilichagua memori na prosesa peke yake, diski nikaiacha. Nikabonyeza, na hapohapo umeme ukakatika, kisanduku cha réseau kikazimika taa zote. Kioo kikabaki kwa betri, kinazungusha kiduara chake. Mkono wangu ulitaka kubonyeza tena, na tena, kama mtu anayegonga mlango. Mama Kavira alininyang'anya souris, kile kipanya cha kompyuta, akaiweka chini ya kitenge chake mapajani.

"Umeisha tuma?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wamepata. Ujumbe hairudiliwi. Ngoja."

Alisema kweli, na hata mafundi wakubwa husahau jambo hili. Kazi haifanyiki kwenye kompyuta yako. Inafanyika kule mbali, kwenye jengo lenye umeme wake. Ukisha kutuma amri, Butembo nzima inaweza kuwa giza na mashine itaendelea kukua. Kinachoweza kuiharibu ni kidole chako kinachorudia.

Nilifungua réseau kwa simu yangu. Dashibodi ikarudi. Pale palipokuwa pameandikwa gigabaiti mbili, palikuwa na nane. Nikaiwasha. Nikahesabu pumzi. Programu ikaamka yenyewe bila kuguswa na mtu, na nikaiamuru itengeneze faili.

Themanini. Tisini. Tisini na mbili. Papa Mbusa alisimama. Tisini na tano, tisini na nane, mia. Nililituma saa sita kasoro dakika kumi na moja. Jibu la mnunuzi lilikuja kabla ya chakula: faili limepokelewa, mashamba yote yamekubaliwa, malori yaende.

Papa Mbusa alinyoosha mkono, nikampa simu. "Mangina," alisema, "ni Papa Mbusa. Yote imepita. Yako pia. Yote." Kutoka kilimani tulisikia Kambale akipiga kelele ambayo haikuwa neno lolote, na sauti ya yule wa pikipiki akimjibu. Mama Kavira alinirudishia souris. Ilikuwa ya moto.

Jumamosi Papa Mbusa aliniita kama alivyosema. Hakunifukuza. Aliniagiza nikavisimulie vituo vyote, kwa mdomo wangu, kwamba haikuwa réseau, kisha nikakae wiki moja Mangina nipime mashamba na Kambale. Nilivisimulia. Mutwanga walinicheka, Kalunguta walinikasirikia, na Kambale alinipa buti za akiba zilizonizidi vidole viwili. Tulipima mashamba tisa pamoja. Jioni ya mwisho aliniambia nina macho mazuri ya kona, na sifa hiyo naipenda kuliko cheti chochote ambacho sina.

Nilibaki kwenye seva miaka minne zaidi. Sijawa mtu asiye na hofu. Bado nafuta kibodi kabla ya kuandika, na barua hii nimeiandika mara tano. Ila siku hizi mashine huongezwa msimu wa kakao unapofunguka na kupunguzwa unapofungwa. Hufanyika mchana, siku ya kazi, watu wawili wakiwa mezani, baada ya vituo vyote vitatu kujibu. Seva ikichelewa, anayeilinda husema ni seva. Na tangu Ijumaa ile hakuna mpimaji aliyetembea shamba mara mbili.